Maswali ya wasomaji: boti ndogo, papa potwe na visiwa vya mbali

Kila kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, inapokaribia, barua zinazotufikia huuliza mambo yale yale: boti gani, kisiwa gani, mwezi gani. Hizi ndizo tulizochagua safari hii. Waliouliza bei tu watuwie radhi, kwa sababu bei ya safari hufuata petroli, na jibu la leo kesho limeshapitwa.

Tuko marafiki sita, tunakwenda Mafia mwezi wa Desemba kuogelea na papa potwe. Mmoja anatupa boti ya faiba, malipo kwa kichwa, na tutachanganywa na wageni wengine mpaka tufike 12. Mwingine ana boti ya mbao yenye mashine, tunaikodi nzima, lakini ni ghali kidogo. Tuchukue ipi? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu zetu, kodini nzima. Faiba au mbao ni jambo la pili. La kwanza ni idadi ya watu watakaoingia majini kwa pamoja.

Potwe wa Mafia huonekana zaidi upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Kilindoni, takriban kuanzia Oktoba hadi Machi. Wanafuata chakula: uduvi wadogo wanaojaa katika maji hayo msimu huo. Sasa, maji ya upande ule yanatazamana na delta ya Rufiji, si ya buluu kama yale ya picha za mtandaoni. Siku nyingi ni ya kijani, na unaona mita chache tu mbele yako. Watu 12 wakiingia kwa mpigo katika maji kama hayo, wanne watamwona samaki na wanane wataona mapovu na miguu ya wenzao. Tena kelele zile humfanya potwe azame, na akishazama hamna la kufanya ila kuanza kutafuta upya. Kanuni za sehemu nyingi duniani huruhusu waogeleaji wasiozidi 10 kwa samaki mmoja. Kwa maji ya Kilindoni tunaona 6 wanatosha, nanyi mko sita.

Kabla hamjalipa, mwulizeni nahodha anawashushaje watu. Jibu lake litawaonyesha kama anaijua kazi. Nahodha mzuri hamfuati potwe kwa nyuma. Anampita kwa mbali, anakwenda kumngoja mbele kidogo na kando ya njia yake, anatoa gia, kisha ndipo anasema shukeni. Mnateleza majini taratibu, miguu ikitangulia, hakuna kuruka. Potwe anapita, nanyi mnaogelea sambamba naye, mita 3 kutoka ubavuni na mita 4 kutoka mkiani. Hakuna kumkata njia wala kupiga mbizi chini ya tumbo lake. Akizama mnakusanyika pamoja, mmoja anainua mkono, boti inakuja kwenu polepole. Hapo pana hatari kuliko potwe mwenyewe: pangaboi la mashine. Mtu yeyote asishike ngazi kabla mashine haijazimwa au kutolewa gia, na nahodha ahesabu vichwa kabla ya kuondoka. Nahodha anayesema "mtaruka tu, msiwe na wasiwasi" mwacheni aende na wengine.

Kuhusu boti yenyewe, ya faiba ni nyepesi na hufika haraka. Ya mbao iliyo pana haiyumbi sana wakati watu wote wanaegemea upande mmoja kutazama, na aghalabu ina nafasi ya turubai la kivuli. Kwa safari ya saa tatu au nne karibu na pwani, zote zinafaa. Ila ngazi iwepo, na iwe ya kuzama angalau vidaraja viwili chini ya maji. Bila ngazi mtu aliyechoka hapandi. Atavutwa kwa mikono kama gunia, na hapo ndipo bega huteguka.

Tokeni mapema, saa moja au saa mbili asubuhi, kabla upepo haujapanda. Bahari ikiwa shwari, mtu aliyesimama omo, yaani mbele ya boti, huliona pezi la mgongo au kivuli cha samaki kutoka mbali. Mawimbi madogo yakishaanza kuvunjika, mnatafuta kwa kubahatisha. Mabaharia wazuri huwauliza pia wavuvi wanaorudi alfajiri, maana wao ndio waliokesha pale.

Miwani ya kuzamia ijaribuni nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, iachie. Ikishika ni yako. Ikianguka, omba nyingine. Mwenye masharubu mazito apake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo, la sivyo maji yataingia safari nzima.

Jambo la mwisho, ambalo watu hugombana nalo wakishafika: Utende, penye hoteli nyingi, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Humo hulipwa ada ya hifadhi kwa siku, na raia wa Tanzania hulipa pungufu kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Mji wa Kilindoni hauko ndani ya hifadhi. Ulizeni waziwazi bei mliyopewa ina ada hiyo au haina.

Mwanangu wa miaka 10 anauliza kama potwe humeza watu. (Baba, Kigoma)

Hawezi. Mdomo wake ni mpana, lakini koo ni jembamba na meno ni madogo mno. Chakula chake anakichuja kutoka kwenye maji: uduvi, mayai ya samaki, dagaa wadogo. Mwambie mtoto achunge mkia. Potwe wengi wanaoonekana Mafia bado hawajakomaa, lakini hata hao hufikia mita 5, 6 na zaidi, na mkia wa samaki wa ukubwa huo ukikupiga bila kukusudia hautausahau. Kumgusa ni mwiko.

Nitajuaje kama boti ni salama? Mimi si baharia, na sitaki kuonekana mbishi mbele ya wageni wangu. (Msomaji, Arusha)

Bora uonekane mbishi. Dakika tano za kukagua ufukweni zinatosha, na nahodha anayejiheshimu hakasiriki.

Anza na karatasi. Tanzania Bara vyombo vidogo hukaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya na Kenya Maritime Authority. Cheti kina tarehe ya kuisha na idadi ya abiria. Tazama hiyo idadi, kisha hesabu watu, na watoto ni watu.

Halafu majaketi ya kujiokolea. Hili watu hulipitia juu juu: wakiona rundo la rangi ya chungwa wanaridhika. Chukua moja ulisome. Jaketi halali lina maandishi ndani yanayotaja uzito wa anayefaa kulivaa na nguvu ya kuelea kwa nyutoni. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, na halimgeuzi aliyezimia uso ukatazama juu. La 100 ni la maji yaliyokingwa. Kwa bahari ya wazi tafuta 150. Bonyeza sponji: ikibonyea na isirudi, au ikiwa ngumu kama mkate wa juzi, jaketi hilo limekufa. Vuta mikanda, funga buckle. Mtoto apewe la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja, kwa sababu mtoto akivaa la mkubwa atachomoka chini, jaketi libaki linaelea peke yake. Tena livaliwe. Yaliyokaliwa kama mito hayamwokoi mtu.

Mashine ni swali linalofuata. Kwa safari fupi karibu na pwani, mashine moja nzuri inatosha ikiwa ndani ya boti kuna plagi za akiba, spana ya kuzifungulia, na mtu anayejua kuzibadilisha boti ikiyumba. Mkitoka kwenda kisiwa cha mbali, iwepo mashine ya pili, hata ndogo. Mashine kubwa mbili zinazokunywa kutoka tangi moja bado zina udhaifu mmoja: petroli yenye maji huzizima zote kwa pamoja. Kwa hiyo ya akiba iwe na tangi lake. Kiasi cha petroli hupimwa kwa theluthi: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura. Mwombe nahodha akuonyeshe madumu. Safari nyingi zinazoishia kwa kuvutwa na boti ya wavuvi zilianza na dumu moja lililotegemewa litoshe.

Vingine havichukui muda: nanga yenye kamba ndefu, chombo cha kukumbia ngama (maji yanayoingia ndani ya boti), kasia mbili, sanduku la huduma ya kwanza, tochi, na redio ya VHF yenye chaji ambayo nahodha anaweza kukuonyesha chaneli 16, ile ya dharura. Simu si mbadala wa redio. Nyuma ya visiwa mtandao hupotea.

Hali ya hewa isome mwenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa bahari kila siku. Wakitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti ya mita 8 haina shughuli baharini siku hiyo, hata mwenye boti akikuapia kwamba huku kwetu kumetulia.

Mamangu ana miaka 68, hajui kuogelea, na tangu utotoni anatamani kuwaona pomboo. Watu wanatuambia twende Kisite. Ataweza? (Binti yake, Mombasa)

Mpe shikamoo zetu. Ataweza, na Kisite, hifadhi ya bahari ya pwani ya kusini ya Kenya, panamfaa kuliko sehemu nyingi, kwa sababu kuwaona pomboo hakuhitaji kuingia majini. Boti zinatoka Shimoni, zinapita mlango kati ya bara na kisiwa cha Wasini, kisha zinaelekea Kisite na Mpunguti. Sehemu ya mwanzo imekingwa. Mkishatoka nyuma ya Wasini mnakutana na bahari yenyewe.

Kwa hiyo mwezi ndio wenye kauli. Msimwendeshe mama mwezi wa Juni au Julai, kusi, upepo wa kusini, ikiwa imeshika. Nendeni kaskazi au wakati wa maleleji, upepo unapobadilika. Kaskazi pia huchafua bahari mchana, basi mwahi asubuhi.

Kinachowashinda wazee si bahari, ni kupanda boti. Pigeni simu mapema muulize: saa ile tutakayoondoka maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa? Yakiwa yamekupwa, boti iko chini sana ya gati na ngazi inateleza. Na mtakaposhuka kwa chakula Wasini hali ni hiyo hiyo. Mkichagua siku ambayo maji yamejaa asubuhi, mama anapiga hatua moja tu.

Mkalisheni katikati ya boti, karibu na tezi (nyuma) kuliko omo. Omo ndiko kunakopigwa na kila wimbi, na mgongo wa mtu mzima hausamehe. Dawa ya kichefuchefu cha safari humezwa kama saa moja kabla ya kuondoka, kwa sababu akishaanza kutapika hata dawa itarudi. Kama anatumia dawa za presha, mfamasia aulizwe kwanza. Asisafiri na njaa, na asijaze tumbo.

Ada ya hifadhi ya Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) siku hizi hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen. Lipeni nyumbani, msingoje hadi Shimoni mtandao uwasumbue.

Na mkumbusheni nahodha kwamba mama hana haraka. Boti ikizima mashine ikakaa, pomboo mara nyingi hupita wenyewe karibu. Boti inayowakimbiza, na mbaya zaidi boti tano zinazowazingira, huwafanya wazame na kuibuka mbali. Kizimkazi, Unguja, hilo limekuwa tatizo la miaka mingi. Umbali wa mita 50 unatosha kabisa kwa macho ya miaka 68, na darubini ndogo itamsaidia kuliko simu.

Nilikwenda Juani kuona kasa wakianguliwa. Tulikaa saa mbili juu ya fungu, boti imekaa mchangani, tukafika kiota kimeshamalizika. Tulikosea nini? (Msomaji, Dodoma)

Hamkusoma maji. Ghuba ya Chole, mnayoivuka kutoka Utende, Mafia, kwenda kisiwa cha Juani, ina sehemu nyingi zisizo na kina, na maji yakikupwa boti hukwama hata kama nahodha ni mzaliwa wa pale. Pengine alijua, lakini hakutaka kuikosa kazi.

Kanuni ya pwani yetu ni rahisi kuikariri. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja au mbili zinazofuata, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: kujaa ni karibu saa nne, kukupwa ni karibu saa kumi. Kasa wadogo hutazamwa zaidi jioni, jua likipungua makali. Hivyo siku za bamvua ndizo rahisi: mnavuka mchana maji yakiwa yanapanda, na mnapata maji ya kurudia kabla ya giza. Siku za maji mafu mnatakiwa kuvuka asubuhi, na kurudi jioni kuna shida. Jedwali la maji kujaa na kupwa litawapa saa kamili, msiende kwa kukisia tu.

Fukwe za kutagia ziko upande wa mashariki wa Juani, kwa hiyo mkishashuka bado kuna kutembea kwa miguu kuvuka kisiwa. Vaeni viatu vinavyoziba vidole, sababu jiwe la matumbawe linakata. Chukueni maji ya kunywa, kila mtu lita moja na nusu.

Msimu wenye viota vingi vya kuanguliwa ni kati ya Juni na Septemba. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, lakini joto la mchanga huharakisha au kuchelewesha, na ndiyo maana tarehe hubadilika hata wiki ya mwisho. Walinzi wa viota wa kijijini, waliofunzwa na shirika la Sea Sense, huandika tarehe ya kila kiota. Panga kulala Mafia siku tatu au nne, uwaachie wao wakupigie simu. Anayekuja asubuhi na ndege ili aondoke kesho yake anacheza bahati nasibu.

Ukifika, simama nyuma ya kiota, upande wa nchi kavu. Usisimame kati ya kasa na maji, usiwashe taa ya simu, na usimbebe kumsogeza majini. Zile hatua zake za mchangani anazihitaji. Fukia mashimo ya nyayo zako yaliyo njiani pake, maana kwa kasa wa sentimita 5 unyayo ni korongo.

Kikundi chetu cha wapiga picha za ndege tunataka kwenda Fungu Mbaraka. Tumepata boti ya faiba ya mita 7, mashine moja, nahodha anasema ni karibu. (Msomaji, Dar es Salaam)

Si karibu. Fungu Mbaraka, ambalo wengine huliita Fungu Kizimkazi, liko takriban kilomita 60 baharini. Boti inayokwenda kilomita 28 kwa saa itatumia zaidi ya saa mbili kwenda tu, na hiyo ni bahari ikiwa tulivu. Pale hakuna mti, kivuli wala bandari. Ni jiwe tambarare lililoinuka mita chache, na mawimbi ya bahari kuu yanaligonga pande zote. Kwa mashine moja, msiende. Chombo kinachofaa ni kikubwa zaidi, chenye mashine mbili na tangi mbili, GPS, VHF na kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti, na mtu nchi kavu anayejua mnatarajiwa saa ngapi. Muda mzuri ni maleleji.

Hata mkipata chombo hicho, ushauri wetu ni msishuke. Ndege wa baharini wa pale hutaga chini, juu ya jiwe na mchanga. Mtu akitembea, wazazi wanaruka, na yai au kinda lililoachwa kwenye jua la saa sita halichukui muda mrefu kufa. Zungukeni kwa mbali, mashine ikiwa polepole. Lenzi ya milimita 400 juu ya boti inayoyumba inataka kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, na tegemeo la miguu mitatu liacheni nyumbani, kwenye boti halifanyi kazi.

Tulilipa safari ya potwe, hatukuona hata mmoja. Mwenye boti amekataa kurudisha fedha. Ana haki? (Msomaji, Nairobi)

Kama hamkukubaliana kabla, anayo. Petroli imeungua na mabaharia wamefanya kazi. Potwe ni mnyama wa porini. Mwendeshaji anayeahidi kwamba mtamwona kwa asilimia mia ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa ahadi hiyo itamlazimisha kumkimbiza. Upepo ni kesi nyingine: boti isipotoka kwa sababu ya hali ya hewa, mnastahili siku nyingine au fedha zenu, na uamuzi wa kutotoka uwe wa nahodha bila kukatwa chochote.

Safari ijayo tumeni ujumbe wa maandishi kabla ya kutuma malipo ya awali, na msubiri ajibu ndiyo: "Tunakodi boti nzima, watu 6, saa 3 baharini kuanzia saa moja asubuhi, petroli, miwani na majaketi yamo. Upepo ukizuia, tunahamishiwa kesho yake au tunarudishiwa malipo yote. Tusipoona potwe ndani ya saa 3, tunaongezewa saa moja kwa kulipia petroli tu."